Mkanda Juu ya Mpunga

Barua ya Mwingereza iliingia kwenye simu ya Asmaa siku ya Jumanne saa nne asubuhi, na kufikia adhuhuri nusu ya mtaa wa Ilomba, Mbeya, walikuwa wameshapata habari, maana baba yake Asmaa, Mzee Selemani, hakuwa mtu wa kukaa na neno. Alivaa kofia yake ya kufuma, akashika mkongojo kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukining'inia tu kama ulivyofanya tangu apate kiharusi, akaenda mpaka kwenye kibanda cha Jailos fundi viatu. Pale aliwakuta wanaume wanne wakicheza drafti kwa vizibo vya soda.

"Haya," alisema huku akihema. "Nani kati yenu aliniita mwongo?"

Walitazamana. Swali lilikuwa gumu, kwa kuwa wote walikuwa wamemwita hivyo, na si mara moja.

"Kwani kuna nini, Mzee Sele?" Jailos aliuliza, kiatu cha mtu bado kikiwa magotini.

"Kuna Mzungu anakuja. Jumamosi ya wiki ijayo. Anatoka Uingereza, anakuja hapa hapa Ilomba, kwangu, kuniuliza habari za bendi yetu. Anaandika kitabu, na amenitafuta kupitia chuo nilichosomea."

"Ile Parokia ya Bati?"

"Tin Parish," alisema Mzee Selemani, akiyatamka maneno kwa kile Kiingereza chake cha zamani. "Ndiyo hiyo hiyo mnayoichekea kila siku. Sasa chekeni."

Hakuna aliyecheka. Jailos alivuta kigoda akakipangusa kwa kitambaa cha rangi ya viatu, akamwambia mzee akae. Kwa miaka mingi hadithi ya Mzungu na gitaa ilikuwa chumvi ya kile kibanda: kijana wa Iringa, mtoto wa msoma maulidi, anapelekwa na serikali Uingereza kusomea mitambo ya simu, anapanga chumba kwa mama mjane katika mji mdogo wa viwanda vya viatu, mtoto wa mjane, Clive, ana kinanda na wenzake watatu wenye nywele ndefu, amplifaya yao inaungua, Selemani anaitengeneza, halafu mpiga ngoma wao anawaacha kwenda kuoa, na Selemani anakaa kwenye ngoma. Hapo ndipo watu walipokuwa wakivunjika mbavu. Kutengeneza amplifaya, sawa, mzee alikuwa fundi redio, nani asiyemjua. Lakini kupiga ngoma na Wazungu? Tena wimbo wa dakika ishirini? Mzee Sele, jamani, punguza chumvi.

Mkewe, Amna, alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele. Alizisikia kelele za kule kibandani, akamwona mumewe ameketi katikati ya watu, kifua mbele, jambo ambalo hakuliona tangu atoke hospitali. Angepaswa kufurahi. Badala yake alikaa kwenye kizingiti, ungo mapajani. Asmaa alikuwa amemsomea barua yote, na mwisho wake Mwingereza aliuliza jambo moja tu: je, Bwana Selemani bado anao ule mkanda?

*

Mkanda haukuwepo.

Amna alijua haukuwepo kwa sababu yeye ndiye aliyeutoa, kwa mkono wake, miaka mitatu iliyopita. Ulikuwa ndani ya kopo bapa la bati chini ya kitanda: gurudumu la plastiki, kubwa kama sahani ya wali, limezungushiwa mkanda wa kahawia mpana kuliko wa kaseti. Clive alimpa Selemani pale stendi ya basi siku anarudi nyumbani, mwaka sabini na tatu. Ulikuwa na nyimbo za santuri yao ya pili, ile ambayo haikuwahi kutoka, kwa sababu kampuni iliyokuwa iitoe ilifunga milango. Mbeya nzima hapakuwa na mashine ya kuupiga mkanda wa namna ile. Kwa hiyo miaka hamsini ulikaa chini ya kitanda ukinyamaza, na Amna akauzunguka kwa ufagio kila Ijumaa.

Halafu kiharusi kikaja. Selemani akalazwa wiki tano, hajui kama ni mchana au usiku, na Faraji, mdogo wake Amna anayelima mpunga kule Ubaruku, akaja hospitali na kuku wawili na bahasha. Hakuna ndugu mwingine aliyekuja na bahasha. Siku anaondoka alimwambia dada yake kwamba kwelea kwelea wameingia Mbarali kama mvua, wanamaliza mpunga ukiwa bado maziwa, na watu wanakusanya kaseti za zamani, wanachomoa mikanda na kuitandaza juu ya majaruba, kwani upepo ukiipiga inavuma na ndege wanaogopa. Dada, huna kaseti?

Amna alikuwa na boksi zima la kaseti, akalitoa. Kisha akainama tena chini ya kitanda, akalitazama lile kopo. Baadaye alijiuliza mara nyingi ni nini hasa kilichomwingia saa ile. Shukrani kwa Faraji, ndiyo. Na pia, aseme kweli, kinyongo kidogo. Miaka arobaini na kitu mumewe alikuwa akigonga ule wimbo wake kwenye kila kilichokuwa karibu: ukingo wa kitanda, sinia, usukani wa baiskeli, mgongo wa Asmaa alipokuwa mchanga analia. Tatu, tatu, tatu, mbili. Tatu, tatu, tatu, mbili. Amna aliolewa na mtu na vidole vyake, na vile vidole vilikuwa mahali pengine. Chukua na hiki, alimwambia Faraji.

Aliporudi nyumbani, Selemani hakuuliza, wala hakuweza tena kuinama achungulie chini ya kitanda. Alikuwa na mengine ya kuuliza, kama vile kwa nini mkono haumsikii.

"Mama, lazima umwambie," Asmaa alisema jioni ile ile, walipokuwa jikoni wawili tu. Asmaa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Mbalizi, ameachika, amerudi kukaa na wazazi, na alikuwa na tabia ya kusema mambo kwa sauti ya darasani.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikishautafuta."

"Mama, ulipeleka shambani. Miaka mitatu! Mvua, jua..."

"Nimesema nitautafuta," alisema Amna. "Koroga huo mchuzi, unashika chini."

*

Kisingizio kilikuwa rahisi: Faraji anaumwa mgongo. Alhamisi asubuhi Amna alishuka Ubaruku akiwa na kanga mbili na mfuko wa parachichi, na joto la kule bondeni lilimpokea kama mtu asiyempenda. Faraji alikuja kumchukua kwa bodaboda, mgongo mzima kabisa.

"Kamwene, dada. Shikamoo. Mbona ghafla? Shemeji vipi?"

"Shemeji mzima. Nipeleke shambani."

"Ukanywe maji kwanza."

"Faraji, nipeleke shambani."

Mpunga ulikuwa umeshavunwa, majaruba yalikuwa makavu, yamebaki mabua. Faraji alimwonyesha miti ya pembeni ambako mikanda ilifungwa. Vipande viwili vitatu bado vilikuwepo, vimepauka, vyepesi, ukivigusa vinamenyeka mkononi na kubaki uzi mweupe usio na kitu. Amna alivifungua kimoja kimoja. Mafundo yalikuwa yamekaza, akayafungua kwa meno.

"Unatafuta nini lakini?" Faraji alimuuliza.

"Ule mpana. Uliokuwa kwenye kopo."

Uso wa Faraji ulichangamka. "Aa, ule! Dada, ule mkanda nitausimulia mpaka nakufa. Hii ya kaseti inalia kama mbu. Ule mpana ukipigwa na upepo wa mchana unaunguruma, mmm, mpaka unausikia huko barabarani. Kwelea hawakugusa jaruba langu hata moja. Majirani walikuja kuniuliza natumia dawa gani. Msimu ule ndio ule niliokuletea magunia mawili, unakumbuka? Ule mchele mzuri."

Amna alikumbuka. Alikumbuka na pilau aliyompikia mumewe siku ya kwanza alipoweza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto.

"Ulibaki kiasi gani?"

"Haukubaki, niliutandaza wote. Ulikuwa mrefu, dada, ulienda na kurudi shamba zima." Hapo Faraji aliuona uso wa dada yake, naye akaacha kutabasamu. "Kwani ulikuwa wa nini?"

Akamweleza. Faraji alikaa chini kwenye tuta, akavua kofia. Alikuwa mtu wa miaka sitini mwenye wajukuu, lakini alikaa vile kama mtoto aliyevunja chungu cha watu.

"Si ungesema, dada."

"Ningesema nini? Mimi mwenyewe sikujua. Nilidhani ni kelele zake tu."

Lile gurudumu lilikuwepo bado. Mke wa Faraji alilifanya kifuniko cha mtungi. Amna alilichukua, na vile vipande, akavitia kwenye mfuko wa parachichi, akarudi Mbeya bila kunywa hata maji.

*

Ijumaa na Jumamosi na siku zote za wiki iliyofuata, Amna alitafuta mwanya wa kusema, na kila alipoupata Mzee Selemani aliuziba kwa furaha. Alinyolewa. Alimtuma Jailos amshonee viatu vyake vya ngozi vya mwaka sabini na tisa, na Jailos alivishona bure, akaviweka na kisigino kipya. Viti vinne vya plastiki viliazimwa kwa jirani, na vikombe vyenye visahani, na kitambaa cha meza ambacho jirani mwenyewe alikileta akisema kisimwagiwe chai. Amna alipokea vyote kwa asante nyingi, kila asante ikimchoma.

"Mama Asmaa," mumewe alimwambia Ijumaa jioni, wameketi kibarazani, "unajua kwa nini jina langu halipo popote? Nilikataa mwenyewe. Clive alitaka kuliandika kwenye jalada la santuri ya kwanza, maana nilikuwa nimeshaingia. Nikamwambia, msiandike. Serikali imenituma kusoma, ikisikia napiga ngoma kwenye vilabu vya pombe nitarudishwa kwa ndege ya kesho. Na baba akisikia ile midundo ya dufu, aliyonifundisha kwa ajili ya maulidi, naipiga huko... Msiandike jina langu. Wakaandika shukrani kwa Solly wa amplifaya. Ndivyo walivyoniita, Solly. Nilidhani nina ujana mwingi, nitakuja kulidai baadaye."

"Sasa umelipata baadaye," Amna alisema.

"Mkanda ndio utasema. Mimi ni mzee mwenye mkono mmoja, nani ataniamini? Mkanda hauna mkono."

Vidole vyake vya kushoto vilianza kugonga mkono wa kiti. Tatu, tatu, tatu. Ile mbili ya mwisho ilikuwa kazi ya mkono wa kulia, na mkono wa kulia ulilala kimya mapajani. Amna, bila kujua anachofanya, aliimalizia kwa kidole kwenye ukuta.

*

Mwingereza aliitwa Peter. Alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mwekundu shingoni, mwenye haya, na alivua viatu mlangoni kabla hajaambiwa, jambo lililomfanya Amna amhurumie. Alisema "shikamoo" kwa Mzee Selemani na "shikamoo" kwa Asmaa pia. Watu wa kibanda cha Jailos walikuja wote, wakakaa uani karibu na dirisha. Asmaa alitafsiri.

Peter alieleza. Alikuwa na miaka kumi na minne alipoisikia Tin Parish katika ukumbi wa kanisa, watu arobaini tu, mvua inanyesha, na hakuwahi kusikia kitu kama kile tena. Bendi ilidumu miaka minne. Santuri moja, nakala mia tano, ambazo nyingi zilikaa kwenye gereji mpaka panya wakazila. Hawakuwa maarufu siku hizo na si maarufu sasa. Watakaonunua kitabu chake pengine ni watu mia tatu duniani kote. Alisema hivyo bila aibu. Wote wanne wa bendi walikuwa wamekufa, Clive wa mwisho, mwaka jana.

"Clive amekufa?" Mzee Selemani aliuliza.

Asmaa hakuhitaji kutafsiri. Mzee alivua kofia, akaiweka gotini.

"Kabla hajafa," Peter aliendelea, "aliniambia nimtafute Solly, Afrika, ana mkanda. Nilidhani ni mawazo ya mgonjwa. Kwa sababu katika karatasi zote, samahani, Solly ni fundi tu. Ngoma za santuri ya pili, wote tunaamini alipiga mtu wa kukodiwa. Nikiusikia mkanda nitajua."

"Mama Asmaa," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa imenyooka. "Niletee kopo."

Amna aliingia chumbani. Alisimama mbele ya kitanda ambacho chini yake hapakuwa na kitu, akapiga moyo konde, akatoka na mfuko wa parachichi. Hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini, kwenye mkeka, mbele ya miguu ya mumewe, akatoa lile gurudumu tupu lenye alama ya duara la mtungi, na vile vipande vyeupe, akavipanga.

"Baba Asmaa, nilimpa Faraji. Ulipokuwa hospitali. Akautandaza juu ya mpunga, kwa ajili ya kwelea."

Dirishani mtu alisema "Yesu wangu," na ilikuwa sauti ya Jailos.

"Nilikwenda wiki iliyopita, Faraji hakuwa anaumwa mgongo. Nimekudanganya na hilo pia. Vimebaki hivi." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Sikuuthamini. Nilikuona unaupenda, na mimi sikuuthamini. Nimekukosea mbele ya Mungu na mbele ya mgeni."

Mzee Selemani aliokota kipande kimoja. Alikitazama kwa mwanga wa dirisha, akakizungusha, kama alivyokuwa akitazama waya za redio mbovu. Uso wake ulikuwa umezeeka mara moja. Amna alingoja atukanwe, na alitaka atukanwe.

"Ulivuma?" aliuliza mwishowe.

"Nini?"

"Kwenye upepo. Ulivuma?"

"Faraji anasema uliunguruma mpaka barabarani."

"Na ndege?"

"Walikimbia wote. Ndio ule mchele aliotuletea. Magunia mawili."

"Kumbe tuliula," alisema mzee, na kitu kinachofanana na kicheko kilimtoka. Alikirudisha kile kipande kwenye mkeka, taratibu. "Basi, mama. Inuka. Inuka, usikae chini mbele za watu."

Peter aliposikia tafsiri, aliondoa miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alikuwa muungwana. Alisema hapana shida, hapana shida kabisa, amefurahi kufika, na ataandika kwa hakika kwamba Bwana Selemani aliitengeneza amplifaya yao, maana hilo liko kwenye jalada na hakuna anayelikataa. Asmaa alianza kuyatafsiri hayo maneno, akafika kwenye amplifaya, akaishia hapo. Baba yake alikuwa ameelewa.

*

Chai ililetwa. Mambo yalikuwa yamekwisha, na watu wa dirishani walianza kuondoka kwa heshima, mmoja mmoja, kama wanavyoondoka msibani. Peter, pengine kwa kutojua la kufanya na huzuni ya watu, alitoa simu akasema ana kitu kimoja, si kikubwa. Mwaka wake wa mwisho Clive alirekodi ule wimbo mrefu nyumbani kwake, kinanda peke yake. Rekodi mbaya, saa ya ukutani inasikika. Katikati kuna mahali mzee wa watu amesahau kabisa, ananyamaza karibu dakika nzima kabla hajakumbuka. Yeye Peter alifikiria kuikata sehemu hiyo asimwaibishe marehemu. Je, Bwana Selemani angependa kumsikia?

Kinanda kilianza, chembamba, kikitoka kwenye simu iliyowekwa juu ya kitambaa cha jirani. Mzee Selemani alifumba macho. Mkono wa kushoto ukaanza kugonga meza: tatu, tatu, tatu... na pengo. Tatu, tatu, tatu... na pengo. Mara ya nne akapotea. Akajaribu kushika njia, akapotea tena, visahani vikilia, na akauondoa mkono mezani akauweka chini ya ule uliokufa.

"Siwezi," alisema. "Mwambie azime."

Amna alikuwa bado yuko kwenye mkeka. Karibu yake palikuwa na beseni la plastiki alilonawishia mgeni mikono. Alimwaga maji uani, akaligeuza, akalipakata kama alivyokuwa akipakata dufu ujanani kule Iringa, kwenye zafa za maarusi, kabla hajaolewa na kuambiwa sasa inatosha.

"Usizime," alimwambia Asmaa.

Akaingia. Tatu, tatu, tatu, mbili. Hakufikiri. Angefikiri angekosea. Mikono ilijua yenyewe, kwa kuwa kwa miaka arobaini na minane ililala kitanda kimoja na wimbo ule, ilikunja nguo nao, ilipepeta mchele nao. Kinanda kilipopanda, alipanda. Kilipogeuka na kwenda taratibu, alijua kitageuka, kwa sababu hapo ndipo Selemani alipokuwa akiacha ukingo wa kitanda na kuhamia kwenye ubao wa kichwani. Peter alikuwa ameshika kikombe hewani. Jailos alikuwa amerudi dirishani, na nyuma yake wengine.

Kisha kinanda kikanyamaza.

Ilisikika saa ya ukutani ya Clive, tik, tik, kule Uingereza, na mzee mmoja akikohoa. Amna hakunyamaza. Hapa ndipo mahali ambapo vidole vya mumewe vilikuwa vinaenda kasi kuliko kote, mahali alipopachukia kuliko pote, palipomnyima usingizi wake wote wa uarusi. Alilipiga beseni kwa viganja na kwa ncha za vidole, midundo ya maulidi ya Iringa iliyokatwa na kuunganishwa upya na kijana wa miaka ishirini na miwili, mizunguko kumi na saba, aliihesabu bila kuihesabu, na alipoangusha ile mbili ya mwisho, katika pigo lile lile, si kabla wala si baada, kinanda kilirudi.

Asmaa aliziba mdomo kwa mkono. Peter alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Hakusahau," Mzee Selemani alisema. Alikuwa analia waziwazi, na hakujali Jailos wala nani. "Mwambie Mzungu. Clive hakusahau kitu. Pale ni pangu. Alikuwa ananipisha."

Asmaa alitafsiri, na alipofika kwenye neno la mwisho ilibidi alitafute, halafu akalisema kwa maneno mengi. Peter aliitikia kwa kichwa muda mrefu. Wimbo ulikuwa bado unaendelea, na Amna bado alikuwa anapiga, taratibu sasa, kwa kuwa ulikuwa umebaki kidogo na hakutaka kumwacha marehemu amalize peke yake. Ulipokwisha aliliweka beseni chini. Viganja vyake vilikuwa vyekundu.

Mzee Selemani alimnyooshea mkono wa kushoto, akamwinua kutoka mkekani, akamkalisha kwenye kiti cha jirani, ubavuni pake.

Peter alifungua daftari lake kwenye ukurasa mpya. Alimuuliza mzee, kwa Kiswahili chake kibovu bila kumngoja Asmaa, jina lake zima, herufi kwa herufi.

"Andika," mzee alimwambia. "Sasa andika."